Chuma, Jina na Hati: Kesi ya Bentley "Old Number One" na Biashara ya Magari ya Kale nchini Uingereza, 1930–1990

Mwezi Aprili 1990, mmiliki wa gari moja la mashindano nchini Uingereza alikubaliana kuliuza kwa kampuni ya Middlebridge Scimitar kwa thamani ya pauni milioni 10. Gari lenyewe lilikuwa Bentley ya aina ya Speed Six, ambalo wapenzi wa mashindano walilijua kwa jina la Old Number One. Umaarufu wake ulitokana na ushindi wa saa 24 za Le Mans mwaka 1929, na tena mwaka 1930. Mauzo hayo hayakukamilika. Mnunuzi alikataa kutimiza mkataba kwa hoja kwamba gari aliloletewa silo lile lililoshinda. Shauri likafikishwa Mahakama Kuu, na tarehe 27 Julai mwaka huohuo Jaji Otton akatoa hukumu. Insha hii inaichukulia hukumu hiyo kama ushahidi wa kihistoria unaoonesha ni kitu gani hasa wakusanyaji wa magari walikuwa wakiuziana. Hoja inayotetewa ni kwamba katika kipindi cha miaka 60 bidhaa ya soko hili ilihama kutoka kwenye chuma na kuingia kwenye historia inayoweza kuthibitishwa. Mahakama haikuuanzisha uhamaji huo. Iliukuta na kuupa lugha ya kisheria.

Ili kuuelewa ubishi uliozuka mwaka 1990, ni lazima kwanza kufuata maisha ya gari lenyewe. Kampuni ya Bentley Motors, iliyokuwa na kiwanda chake Cricklewood, London, ilitengeneza takriban magari 3,000 kabla ya kufilisika mwaka 1931 na kununuliwa na Rolls-Royce. Mfadhili wake mkuu, Woolf Barnato, alikuwa pia dereva wake hodari. Alishinda Le Mans mwaka 1928, kisha 1929 akishirikiana na Henry Birkin, na 1930 akishirikiana na Glen Kidston. Ushindi huo wa pili na wa tatu ulipatikana kwa Old Number One. Ikumbukwe kwamba gari la mashindano la wakati ule halikutunzwa kama kifaa cha makumbusho. Baada ya kila mbio lilifunguliwa, sehemu zilizochoka zikatupwa na nyingine kufungwa. Fundi wa Cricklewood aliyebadilisha ekseli au giaboksi hakudhani kwamba siku moja mawakili wangehojiana juu ya spana yake.

Mwaka 1932 gari hilo liliingizwa katika mbio za maili 500 za Brooklands likiwa na injini kubwa zaidi, ya lita 8. Humo dereva wake, Clive Dunfee, alipoteza maisha baada ya gari kuruka ukingo wa juu wa njia. Mabaki hayakutupwa. Yaliundwa upya kuwa gari la barabarani lenye bodi iliyofunikwa, na miaka mingi baadaye, mikononi mwa wamiliki wengine, likarudishiwa umbo la wazi la mashindano. Kwa hiyo gari lililouzwa mwaka 1990 lilikuwa limepitia angalau maumbo manne: la 1929, la 1930, la 1932 na lile lililofuata ajali.

Katika sehemu kubwa ya kipindi hicho hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza kama gari lilikuwa lilelile. Klabu ya Vintage Sports-Car Club ilianzishwa mwaka 1934 na watu waliopenda kuendesha magari yaliyotengenezwa kabla ya 1931, na wengi wao hawakuwa matajiri. Waliuziana magari kwa bei ya mitumba, na spea zilihama kutoka gari hadi gari bila kumbukumbu. Bentley nyingi zilizotoka kiwandani zikiwa na bodi nzito za kifamilia zilivuliwa bodi hizo, chasisi zikafupishwa, na zikavishwa bodi nyepesi za mtindo wa Le Mans. Kwa mmiliki wa wakati huo hilo lilikuwa suala la kasi na furaha. Kwa mnunuzi wa kizazi kilichofuata, gari lilelile lingeweza kuitwa nakala, na pengine ghushi. Tofauti haikuwa katika kitendo bali katika fedha.

Kasi ya mabadiliko ya fedha hizo inaonekana vizuri katika mfano wa Bugatti Royale, gari ambalo yalitengenezwa machache mno. Mwaka 1950 mkusanyaji wa Marekani Briggs Cunningham alinunua mawili kutoka kwa familia ya Bugatti kwa gharama ndogo, na husimuliwa kwamba sehemu ya malipo ilikuwa friji mbili, bidhaa adimu Ufaransa baada ya vita. Moja kati ya hayo lilipigwa mnada na Christie's katika ukumbi wa Royal Albert Hall mwezi Novemba 1987, nalo likafikia pauni milioni 5.5. Mnada huo ulifanyika wiki chache tu baada ya masoko ya hisa kuporomoka. Wawekezaji waliopoteza imani na hisa walianza kuyatazama magari ya kale kama hazina, na kati ya 1987 na 1989 bei zilipanda kwa namna isiyowahi kushuhudiwa. Kufikia mwaka 1990 upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Muktadha huo haupaswi kupuuzwa na msomaji wa kesi hii: mnunuzi aliyefunga mkataba katika kilele cha soko ana sababu ya kulichunguza gari kwa jicho kali kuliko alivyolichunguza kabla ya kutia saini.

Mahakamani, hesabu ya vipande ilikuwa ya kutisha kwa upande wa muuzaji. Jaji aliona kwamba hakuna kilichothibitika kubaki kutoka gari la 1929, isipokuwa labda vifaa vidogo visivyoweza kupangiwa tarehe. Kutoka gari la 1930 vilibaki vitu vichache, miongoni mwavyo kasha la giaboksi na mhimili wa usukani. Sehemu kubwa zaidi ilitokana na mwaka 1932 na matengenezo yaliyofuata ajali. Kama uhalisi wa gari ungepimwa kwa mizani ya chuma peke yake, muuzaji angeshindwa.

Hata hivyo, jaji alitenganisha maswali mawili ambayo wakusanyaji walizoea kuyachanganya. La kwanza ni kama gari liko katika umbile lake la awali, na jibu lilikuwa hapana. La pili ni kama gari hilo ndilo lenye haki ya kuitwa Old Number One, na jibu lilikuwa ndiyo. Kwa maelezo yake, sehemu mpya ziliingia polepole, kila moja ikamezwa na gari zima, kiasi kwamba hakuna wakati ambapo kitambulisho kilikatika. Aidha, alieleza kuwa kilichouzwa hakikuwa chuma tu, bali pia historia na sifa. Mnunuzi akashindwa. Mabaharia wa jahazi wa pwani ya Afrika Mashariki pengine wasingeona ajabu katika hoja hiyo: chombo hubadilishwa mbao moja baada ya nyingine, na bado huitwa kwa jina lake.

Hoja ya jaji ina nguvu, lakini ina ufa ambao watafiti wanapaswa kuutazama. Sehemu ya msingi wake ni kwamba hapakuwa na Bentley nyingine yoyote, iliyopo au iliyotoweka, iliyoweza kudai jina hilo. Je, ingekuwaje kama mtu angeziokota sehemu zilizotupwa mwaka 1930 na kuziunganisha upya? Hukumu haikulazimika kulijibu swali hilo, kwa kuwa mdai mwenza hakuwapo. Kwa maneno mengine, kitambulisho cha gari kilisimama kwa miguu miwili, yaani mwendelezo na ukosefu wa mshindani. Mguu wa pili si sifa ya gari. Ni bahati yake.

Jambo hilo ndilo lililoathiri biashara zaidi. Ikiwa mwendelezo ndio unaouzwa, basi thamani humwendea yule awezaye kuuthibitisha. Kadi za usajili, kumbukumbu za matengenezo za kiwanda, picha za mbio na ankara za mafundi, ambazo zamani zilisahaulika katika masanduku, zilikuwa mali. Mafaili ya nyaraka yalianza kusafiri pamoja na magari, na katalogi za minada zikawa zinatumia kurasa nyingi kueleza nani alimiliki nini, lini, na namba ya chasisi ilionekana wapi mara ya mwisho. Mwanahistoria wa magari naye akageuka kuwa sehemu ya soko, na nafasi hiyo si ya raha kwa mtafiti, kwa kuwa neno lake moja laweza kuongeza au kufuta mamilioni.

Wapo wasioridhika na mwelekeo huo. Mkataba wa Torino, ulioidhinishwa na shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, mwaka 2012, unasisitiza kuhifadhi maunzi yenyewe na kuweka wazi kila kilichobadilishwa. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililazimika kurejea maswali ya mwaka 1990 katika shauri la Bentley nyingine ya 1930, ambayo mnunuzi alidai haikustahili kuitwa Speed Six. Mahakama ya chini ilikuwa imempa mnunuzi ushindi. Majaji wa rufani wakaitengua hukumu hiyo. Swali lililowashughulisha lilihusu pia maana ya jina hilo vinywani mwa wauzaji na wanunuzi wa magari hayo, mbali na kilichokuwa chini ya boneti.