Kuenenda: njia ya neno la Kigiriki hadi Mchikichini

Neno la Kigiriki peripateo limeundwa kwa vipande viwili: peri, yaani pande zote au kuzunguka, na pateo, yaani kukanyaga. Maana yake ya kwanza ni kutembea huku na huku. Limo katika Agano Jipya mara 95 hivi. Katika Injili za Mathayo, Marko na Luka, karibu kila mahali linasema habari za miguu tu: aliyepooza anainuka na kwenda zake, Petro anakanyaga maji ya ziwa. Katika nyaraka za Paulo na za Yohana miguu imetoweka. Neno ni lile lile, lakini sasa linasema mtu anavyoishi kutwa kucha: anavyofanya kazi, anavyonena na jirani, anavyolipa deni.

Maana hiyo ya pili haikuwa mazoea ya Wagiriki. Wanafunzi wa Aristotle waliitwa Peripatetikoi kwa sababu ya peripatos, mahali pa matembezi katika chuo chao cha Athens, wala si kwa sababu ya tabia zao. Chimbuko la maana ya maadili ni Kiebrania. Kitenzi halak, kwenda, ndicho kinachotumika katika Mwanzo kwa Henoko aliyekwenda pamoja na Mungu, na kwa Abrahamu aliyeagizwa aende mbele zake. Kutokana na mzizi huo Wayahudi waliziita kanuni za maisha yao halakha, yaani namna ya kwenda. Wafasiri wa Septuaginta, waliotia Maandiko hayo katika Kigiriki, huenda waliona picha hiyo ingewatatiza wasomaji wao. Kwa Henoko wakaandika kwamba alimpendeza Mungu, na mwandishi wa Waraka kwa Waebrania akawafuata. Paulo, aliyelelewa katika Ufarisayo, hakuwa na kigugumizi hicho. Alilichukua neno la miguu kama lilivyo na kulipa kazi ya halak. Waefeso peke yake ina peripateo mara 8.

Neno hilo lilipofika pwani ya Afrika Mashariki halikukuta pengo. Kiswahili kilikuwa na mwendo, namna mtu anavyopiga hatua, na mwenendo, namna anavyoishi, yote mawili ya ukoo wa kwenda. Kilikuwa pia na neno la Kiarabu lenye picha ile ile: sira, habari za maisha ya Mtume Muhammad, ni jina linalotokana na kitenzi cha kusafiri na kwenda. Msikilizaji wa pwani, awe amekaa msikitini au kanisani, alikuwa tayari anajua kwamba maisha ya mtu husomwa katika nyayo zake.

Wafasiri wa kwanza wa Biblia walifanya kazi mbali na Dar es Salaam, ilipo Mchikichini. Mmisionari Krapf alianzia Mombasa mwaka 1844. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 na wamisionari wa Kianglikana, na kazi iliyoanzishwa naye ikazaa Biblia nzima ya Kiunguja mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mombasa ilipata Biblia yake ya Kimvita mwaka 1914. Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani, alitoa ya kwake mwaka 1937, akijitahidi kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Hatimaye ikaja Biblia ya Muungano, Agano Jipya mwaka 1950 na kitabu kizima mwaka 1952, na ndiyo iliyokaa masikioni mwa makanisa mengi ya Tanzania na Kenya.

Ndani ya Biblia ya Muungano, neno linalobeba maana ya maadili ya peripateo ni kuenenda. Chaguo hilo linastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Kuenenda ni kwenda kulikorudiwa: silabi inajirudia kama hatua inavyofuata hatua, hata kitenzi chenyewe kinasikika kama mazoea. Kutembea kusingefaa. Kwa Kiswahili cha kila siku, kutembea ni kwenda kwa starehe au kuzuru watu, na kutembea na mtu, hasa mume au mke wa mwenzako, ni aibu inayojulikana mtaa mzima. Kuishi kungekuwa sahihi, lakini bila miguu. Kuenenda kumeshika njia ya katikati: mtu anasikia njia, na papo hapo anasikia tabia.

Hata hivyo kuna kilichopotea. Msomaji wa Kigiriki alisikia neno moja pote. Aliyepooza akienda, simba wa Waraka wa kwanza wa Petro akizunguka kutafuta windo, na Mkristo akiishi katika nuru, wote walikuwa wakifanya peripateo. Mfasiri wa Kiswahili aligawa: wa kwanza anakwenda, wa pili anazunguka, wa tatu anaenenda. Na upande wa pili, Wagalatia sura ya 5 ina vitenzi viwili tofauti, peripateo katika aya ya 16 na stoicheo katika aya ya 25. Hiki cha pili ni kwenda kwa mstari, kila mmoja akishika safu, kama askari. Kiswahili kimevipa vyote viwili kuenenda, na safu imefutika.

Kwenda kwa safu ni jambo ambalo upande wa Kariakoo na Mchikichini, jijini Dar es Salaam, unalijua kwa jina lake. Waingereza waliuteka mji Septemba 1916, na eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelipangia makazi ya Waafrika likawa kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikalifanya jina hilo Kariakoo. Wapagazi walibeba chakula na risasi kwa kichwa na mabega, kwa miguu, hadi kusini ya mbali. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Maandishi ya Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 yanawakumbuka kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Aliyepooza wa Injili, katika Biblia ya Muungano, anaambiwa ajitwike godoro lake. Kujitwika ni neno la wapagazi hao: kuinua mzigo mwenyewe na kuuweka kichwani bila wa kukusaidia.

Mchikichini, kati ya Kariakoo na Ilala pembeni mwa bonde la Msimbazi, imechukua jina la mchikichi, lakini sasa inajulikana zaidi kwa mitumba. Hapo kutembea ni kazi. Machinga hutembeza bidhaa: suruali tano kwenye mkono wa kushoto, mikanda shingoni, jicho likitafuta mnunuzi kabla mguu haujatua. Peri ya Kigiriki, ile ya kuzunguka pande zote, inaonekana hapa wazi kuliko katika kamusi yoyote. Wala Paulo hakuwa mgeni wa maisha hayo, kwani alikuwa fundi wa mahema. Anapowaandikia Wathesalonike anaunganisha peripateo na riziki moja kwa moja: wafanye kazi kwa mikono yao ili waenende kwa adabu mbele ya walio nje, na wale wanaoenenda bila utaratibu, kwake, ni wale wasiofanya kazi na kujiingiza katika mambo ya wengine.

Kiswahili chenyewe hakikusimama. Biblia ya Habari Njema ya miaka ya 1990 mara nyingi huweka kuishi au mwenendo mahali ambapo ya Muungano iliweka kuenenda, kwa sababu kitenzi hicho kimebaki kanisani. Mtaani hakuna anayesema anaenenda. Wahubiri wa makanisa ya Kipentekoste nao wamerudisha kutembea na Mungu, na waumini wanalielewa bila shaka yoyote, ingawa miaka sabini iliyopita huenda lingewashtua wazee. Jina lililozaliwa na kuenenda, yaani mwenendo, ndilo lililoenea. Mwalimu hujaza nafasi ya tabia na mwenendo katika ripoti ya mwanafunzi, karani wa mahakama huandika mwenendo wa shauri, na mfanyabiashara wa Kariakoo, kabla ya kufungua robota la mitumba, huuliza kwanza mwenendo wa bei.