Elimu na Huruma: Fundisho la Halle

Mara nyingi wanafunzi wetu hutuuliza: twasoma kwa ajili ya nini? Swali hili si geni katika Kanisa la Kilutheri. Mwaka 1687 August Hermann Francke, kijana wa miaka 24 aliyekwisha kusoma theolojia kwa miaka mingi, alitakiwa kuhubiri mjini Lüneburg, Ujerumani, juu ya Yohana 20:31. Alipojitayarisha aligundua kwa uchungu kwamba imani atakayoihubiri yeye mwenyewe hakuwa nayo. Alipiga magoti akamlilia Mungu, na mashaka yake yakaondoka.

Matunda yalionekana baadaye. Akiwa mchungaji wa Glaucha, karibu na Halle, mwaka 1695 alikuta thaler 4 na groschen 16 katika sanduku la sadaka. Alinunua vitabu, akamwajiri mwanafunzi fukara wa chuo kikuu awafundishe watoto wa maskini. Ikafuata nyumba ya yatima. Nao wanafunzi wa theolojia wenye njaa wakapewa chakula bure, wakawafundisha watoto. Francke alipofariki mwaka 1727, watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakisoma huko.

Hata hivyo, tusimfanye malaika. Mwaka 1723 mwanafalsafa Christian Wolff alifukuzwa Halle kwa amri ya mfalme, baada ya kushtakiwa na wanatheolojia, Francke akiwa mmojawapo. Aliyewahurumia yatima alishindwa kumvumilia msomi mwenzake. Basi sisi tufundishao na tusomao tujipime hapo. Jinsi tunavyomtendea yule tunayebishana naye darasani ndiyo itakayoshuhudia kwamba tumesoma kwa ajili ya nani.