Safari Rally: Nani Ashike Kamera?

Kila Jamhuri Dei inapofika, sisi wazazi tulio Uingereza huwasimulia watoto habari za bendera, wimbo wa taifa na mashujaa wa msituni. Mwaka huu naomba tuongeze hadithi moja yenye vumbi na matope: Safari Rally. Ndani yake mna swali ambalo hata mtoto asiyependa historia atalielewa. Kitu kikiwa chetu, nani ana haki ya kukiuza na kukionyesha?

Mbio hizo zilianza mwaka 1953 zikiitwa Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati Kenya ikiwa chini ya Hali ya Hatari. Mwaka 1960 jina likabadilika kuwa East African Safari. Pasaka ya 1963, miezi minane kabla ya bendera yetu kupandishwa, mvua na matope viliyaangusha magari mpaka yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404.

Baada ya uhuru mbio hizi zilipata mashujaa wa kila rangi. Joginder Singh, Singasinga aliyezaliwa Kericho, alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo, kisha akarudia 1974 na 1976. Hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeshinda hadi mwaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland alipovunja mwiko huo. Hata baada ya hapo Shekhar Mehta, ambaye familia yake ilifukuzwa Uganda na Idi Amin, alishinda mara tano: 1973, kisha miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwaka 1994 Ian Duncan akashinda, na Patrick Njiru akamaliza wa nne. Mcheza kwao hutuzwa.

Je, promota wa mbio hizo alikuwa nani? Ukweli ni kwamba barabara yenyewe ilitosha. Njia ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita elfu tano, ikipita mbele ya mashamba, masoko na shule. Hakuna aliyekata tiketi. Watu walisimama ukingoni, watoto wakapakwa vumbi, na redio ya Sauti ya Kenya ikawaeleza waliobaki nyumbani nani anaongoza. Fundi wa gereji, mama muuza chai na mwalimu mkuu walikuwa na haki sawa ya kuona.

Runinga ilibadilisha mambo. Haki za kibiashara za mashindano ya dunia zilikuwa mikononi mwa kampuni ya International Sportsworld Communicators, ambayo David Richards aliinunua kutoka kwa Bernie Ecclestone mwaka 2000. Kamera hupenda hatua fupi zinazorudiwa, kwenye barabara zilizofungwa, karibu na kituo kimoja. Safari ilikuwa ndefu, ya gharama kubwa, na ilikimbizwa kwenye barabara zilizo wazi, ambako dereva aliweza kukutana na ng'ombe au lori. Tuseme kweli pia: nyumbani fedha zilipungua na maandalizi yakalegea. Colin McRae aliposhinda mwaka 2002, hiyo ikawa mara ya mwisho Safari kuhesabiwa katika mashindano ya dunia kwa karibu miaka ishirini. Wakati huo Mehta alikuwa na cheo kikubwa katika kamati ya rali ya FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani. Kuwa na mtu wetu ndani hakukutosha.

Wenye mashindano nao walipata somo lao. Mwaka 2011 haki za kuyatangaza zilikuwa za kampuni iliyonunuliwa na Vladimir Antonov, mwenye benki. Benki yake ilipoanguka, yeye akakamatwa na kampuni ikaingia katika ufilisi. FIA ikavunja mkataba, na msimu wa 2012 ukaanza bila promota. Magari yalikuwepo na madereva walikuwepo, lakini mtu wa kuwaonyesha ulimwengu hakuwepo. Kuanzia 2013 kazi hiyo ilichukuliwa na kampuni mpya iliyoungwa mkono na Red Bull.

Mwaka 2021 Safari ilirudi, ikakimbizwa zaidi Naivasha na maeneo ya jirani, na Sébastien Ogier akashinda. Safari hii hatua za mashindano zilikuwa takriban kilomita 320 tu. Sisi tulio huku tulifurahi kuona Bonde la Ufa kwenye skrini zetu, lakini anayetaka kuona kila hatua moja kwa moja hulipia. Mwanangu aliyezaliwa hapa aliniuliza kama Kenya nayo hulipa ili ijione yenyewe. Sikucheka.

Wapo wasemao kwamba bila promota wa kimataifa Safari ingebaki hadithi ya wazee. Wana hoja. Helikopta, kamera na mitambo ya kurusha matangazo ni ghali, na watalii huja kwa kuona picha. Serikali pekee haiwezi, na haifai kutoa fedha za hospitali ili kuendesha mbio. Basi promota na auze kwa dunia. Lakini mkataba uwe na masharti: wananchi waone bure kwenye kituo cha taifa, matangazo ya Kiswahili yawepo, na nakala ya picha zote ibaki katika hifadhi ya nyumbani. Kampuni hununuliwa, huuzwa na hufilisika. Bonde la Ufa halihami.

Katika uuguzi tunafundishwa kwamba lisiloandikwa kwenye faili la mgonjwa huhesabika halikufanyika. Ndivyo ilivyo kwa historia. Akishika kamera mgeni peke yake, atarekodi gari la kwanza na twiga nyuma yake. Hatamrekodi fundi wa Nakuru aliyelala chini ya gari usiku kucha, wala kijiji kilichosukuma gari kutoka matopeni.

Joginder alifariki hapa London mwaka 2013, na Mehta pia alifariki London, mwaka 2006. Wengi waliowaona wakipita bado wako miongoni mwetu, na baadhi wana picha ndani ya albamu na masanduku. Jamhuri hii, watoto, shikeni simu zenu mumwendee babu au nyanya. Mwulize alisimama wapi Pasaka ile, gari gani lilipita, nani alikuwa kando yake. Mrekodi kwa Kiswahili, muandike jina la mahali na mwaka, kisha mleteeni katibu wa chama nakala. Kwa hilo hatuhitaji kibali cha promota yeyote.