Transista Ilianzia Sikioni

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilirudi Nakuru kukaa na guka. Mimi karo ilikuwa imeisha, yeye masikio. Siku ile ile nilimweleza kila kitu. Akaitikia kwa kichwa, akafungua redio.

Hiyo redio yake ya transista aliipiga sauti mpaka majirani walikuwa wanajua nani amefariki kabla ya wenye msiba. Ukimwambia, "Guka, punguza," anakujibu, "Hapana, nimeshiba."

Kwenye droo kulikuwa na kifaa cha kusikia. Shangazi alikinunua dukani kwa makumi ya maelfu, bila mtu kumpima guka. Alikivaa siku tatu tu, akasema kinampigia filimbi na kumletea kelele za sufuria badala ya maneno ya watu. Kikalala humo na risiti za mbolea.

Mimi nilitaka tu kuandika kitu kuhusu hiyo redio. Nikaanza kusoma, na historia ikanirudisha kwenye droo.

Kabla ya umeme, watu walitumia pembe: upande mpana kwa msemaji, upande mwembamba sikioni. Beethoven alitengenezewa zake na fundi Johann Mälzel, na ukienda Bonn bado utazikuta kwenye makumbusho yake. Baadaye zikaja valvu za glasi. Hizo zilikuza sauti vizuri, lakini zilikula betri vibaya sana. Mtu alitembea na mzigo umefungwa mwilini ndiyo asikie mwenzake.

Desemba 1947, maabara ya Bell huko Marekani ikaunda transista: ndogo, haipati joto, haimalizi betri. Nani angeitaka kwanza? Si vijana wa muziki. Ni watu waliochoka kubeba betri ili wasikie watoto wao. Kampuni ilisamehe watengenezaji wa vifaa vya kusikia malipo ya hataza, kwa heshima ya Alexander Graham Bell, aliyewahi kuwa mwalimu wa viziwi. (Viziwi wengi hawamsifu, kwa sababu alipigania wafundishwe kuongea kwa mdomo badala ya lugha ya ishara. Hilo nalo ni historia.)

Mwishoni mwa 1952 Sonotone ikatoa kifaa chenye valvu mbili na transista moja. Redio ya kwanza ya transista kuuzwa madukani, Regency TR-1, ilikuja 1954. Yaani redio ya guka ilitoka kwenye ukoo wa kitinda mimba. Kifungua mimba ndiye alikuwa amelala kwenye droo.

Lakini kifaa peke yake hakijawahi kutosha. Uingereza ilipoanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, ilitoa kifaa kiitwacho Medresco bure, na kliniki za kukihudumia. Hapa Kenya, tangu 1984 tuna vituo vya EARC vya kupima watoto wenye ulemavu, na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hupokea maombi ya vifaa kutoka kwa waliojiandikisha. Shida ni kwamba mzee akiacha kusikia, sisi tunasema tu ni uzee.

Nikampeleka guka hospitalini. Mtaalamu alimweka kwenye chumba kisichopitisha kelele, akampima, akachukua umbo la sikio lake. Filimbi, alieleza, ni sauti inayovuja na kurudi kwenye maikrofoni kwa sababu kifaa hakikai vizuri. Akarekebisha sauti nyembamba, zile guka alizopoteza zaidi. Akatuonyesha betri: toa stika, ngoja dakika moja hewa iingie, ndiyo uifunge. Akasema aanze na saa chache, nyumbani, kwenye utulivu, kwa maana ubongo nao unajifunza upya.

Wiki ya tatu tulikuwa tunakunywa chai, redio iko chini. Guka akaweka kikombe.

"Kijana, chuo wanafungua lini?"

Nilijua basi kwamba siku ile ya kwanza hakuwa amesikia hata neno moja. Miezi yote hiyo nilidhani amenielewa, kumbe alikuwa anaitikia tu ili asiniudhi.

Nikasogeza kiti karibu, nikaanza upya. Safari hii sikuhitaji kupaaza sauti.