Nguo za Paracas
Mwaka 1927, katika rasi ya Paracas kwenye pwani ya Peru, mwanaakiolojia Julio C. Tello na wenzake walikuta makaburi ya Wari Kayan, yenye mafurushi 429 ya maiti. Katika mafurushi makubwa marehemu alikalishwa, magoti kifuani, akazungushiwa nguo tabaka juu ya tabaka. Ukavu wa jangwa umezihifadhi kwa takriban miaka 2,000, na nyekundu yake bado inawaka.

Kitambaa mara nyingi ni cha pamba. Juu yake wametarizi kwa sufu ya alpaka na jamaa zake: ndege, watu wanaoruka, wengine wameshika vichwa vilivyokatwa. Nguo nyingine hazikumalizika, na hizo ndizo zinazonivutia zaidi, kwani unaona fundi alipoanzia na alipoishia.

Tello alipoondolewa kwenye uongozi wa makumbusho mwaka 1930, wezi waliyavamia makaburi. Nguo kadhaa zilifika Göteborg, Uswidi. Mwaka 2014 mji huo ulianza kuzirudisha Peru, nne kwanza, maana nyuzi ni dhaifu na safari huzitikisa. Kurudishwa ni haki, tena kumechelewa. Lakini kuna kitu ambacho hakuna ndege itakayokirudisha: nguo ile ilimfunika nani, ilikuwa tabaka la ngapi, ililala pamoja na nini. Kwa mafurushi aliyoyafungua Tello, mambo hayo yaliandikwa. Wezi hawakuandika chochote.