Mombo, Mbu na Ruzuku: Fedha za Utafiti Chini ya Milima ya Usambara

Mji mdogo wa Mombo, wilayani Korogwe, unajulikana zaidi kwa njia panda yake, mahali ambapo barabara ya Lushoto huiacha barabara kuu ya Moshi na kuanza kukwea milima ya Usambara. Lakini njia panda hiyo ina nafasi pia katika historia ya sayansi ya Afrika Mashariki, kwa kuwa kwa zaidi ya karne moja wataalamu wa fani mbalimbali wamepita hapo na katika nchi inayoizunguka wakitumia fedha zilizotolewa mbali na hapo. Fedha za namna hiyo huitwa ruzuku ya utafiti, yaani fedha ambazo serikali, mfuko au shirika humkabidhi mtafiti kwa kazi maalumu na kwa muda maalumu, bila kumdai azirudishe, ila kwa sharti la kutoa hesabu na matokeo. Na pale ambapo kazi hiyo haiwezi kufanywa na fani moja, bali huhitaji daktari, mjuzi wa wadudu, mtaalamu wa udongo na mwanatakwimu wakae meza moja, ndipo husemwa kuwa utafiti huo ni mtambuka.

Kilichowavuta wataalamu hao ni mlima wenyewe. Katika mwendo wa kilomita 33 hivi msafiri huondoka kwenye joto la Mombo, penye mashamba ya mpunga wa umwagiliaji, akafika Lushoto kwenye baridi ya mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika kupanda huko mbu hupungua, homa hupungua, mimea hubadilika na hata namna ya kujenga nyumba hubadilika. Robert Koch, daktari wa Kijerumani ambaye mwaka 1882 alitangaza kugundua bakteria wa kifua kikuu, alifanya kazi katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki mwaka 1897 na 1898, akaandika kuwa wenyeji wa milima ya Usambara walijua fika kwamba wakishuka tambarare wataugua homa, na kwamba homa hiyo waliiita mbu, jina lilelile la mdudu. Miezi hiyohiyo daktari wa Kiingereza Ronald Ross alikuwa India akichunguza matumbo ya mbu kwa darubini ili kuthibitisha uhusiano huo. Ujuzi wa watu wa milimani haukuwahi kuombewa fedha na mtu yeyote, na labda ndiyo sababu haukupata heshima ya kuitwa ugunduzi.

Taasisi ya kwanza kubwa ya kuzikusanya fani mahali pamoja ilikuwa Amani, katika Usambara ya Mashariki, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, miaka michache kabla ya reli ya Tanga kufika Mombo mwaka 1905. Iliwaweka pamoja wajuzi wa mimea, kemia na wanyama, ikapanda miti ya mkwinini ambayo gome lake hutoa dawa ya malaria, na vita ilipoanza mwaka 1914 na bahari ikafungwa na manowari za Waingereza, maabara zake ziligeuzwa kuwa kiwanda cha dawa na mahitaji mengine ya jeshi. Mlipaji alikuwa serikali ya kikoloni, na maswali yalikuwa yake pia: mazao gani yatailipa gharama ya koloni.

Waingereza walipoifufua Amani katika miaka ya 1920, sehemu ya fedha ilitoka kwa makoloni ya Afrika Mashariki yenyewe na sehemu nyingine kwa Bodi ya Masoko ya Himaya, chombo kilichoundwa London mwaka 1926 ili kukuza biashara ya mazao ya makoloni na kilichofutwa mwaka 1933. Hata hivyo kazi ya Amani iliyodumu kuliko zote haikuhusu zao la kuuzwa Ulaya, bali ilihusu muhogo. Ugonjwa wa batobato, unaoyakunja majani na kuyatia madoa ya njano hadi mizizi ikadumaa, ulikuwa ukiwamaliza wakulima, na H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, akashirikiana na R. F. W. Nichols, mzalishaji wa mbegu, kuushughulikia kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja ulionesha kuwa ugonjwa huenezwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaojificha chini ya jani. Upande wa pili ulitafuta ukinzani nje kabisa ya muhogo, katika mpira wa Ceara, mti wa jamaa moja na muhogo ambao walowezi wa Kijerumani waliupanda kwa wingi kabla bei ya mpira kuanguka mwaka 1913. Mti uliowafilisi walowezi ukapandishwa na muhogo kizazi baada ya kizazi, na damu yake, kwa kusema hivyo, baadaye ilisafiri hadi Nigeria, ambako aina za Amani zilikuwa miongoni mwa wazazi wa mihogo kinzani iliyosambazwa Afrika nzima.

Kuanzia mwaka 1948 watafiti wa kilimo walihamishiwa Muguga, Kenya, na majengo ya Amani yakachukuliwa na watafiti wa malaria chini ya Bagster Wilson. Fedha za wakati huo zilitegemea sana Sheria ya Maendeleo na Ustawi wa Makoloni ya mwaka 1940, iliyotenga hadi pauni 500,000 kwa mwaka kwa ajili ya utafiti peke yake. Mradi mkubwa wa taasisi hiyo ulifanyika kaskazini ya Mombo, Upare Kusini na ng'ambo ya mpaka huko Taveta, ambako kuta za nyumba zilipuliziwa dawa ya dildrini katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Siku ya kupima, watoto walipangwa mstari, kila mmoja akapapaswa tumbo upande wa kushoto ili kujua kama bandama limevimba, akachomwa kidole, na tone la damu likapakwa kwenye kioo. Wakati huohuo wengine walihesabu vizazi na vifo na kupima ukuaji wa watoto wachanga. Vifo vya watoto vilipungua. Kisha upuliziaji ukakoma, na malaria ikarudi polepole huku watafiti wakiendelea kuandika jinsi inavyorudi.

Baada ya uhuru Tanzania iliunda vyombo vyake: Baraza la Utafiti wa Kisayansi mwaka 1968, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, kwa sheria ya mwaka 1979, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa sheria ya mwaka 1986. Viongozi wa Afrika walikuwa wamekubaliana katika Mpango wa Lagos wa mwaka 1980 kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa sayansi, lengo ambalo limetajwa mara nyingi kuliko lilivyofikiwa, na kwa hiyo andiko la mradi, yaani maelezo ya maombi ya fedha, likaendelea kupelekwa Ulaya na Marekani.

Tauni ndiyo iliyoonesha vizuri zaidi kwa nini fani moja haitoshi. Iliibuka wilayani Lushoto mwaka 1980, na katika miaka kama 25 iliyofuata waliougua walizidi 7,000, ilhali vijiji vingine vya jirani havikuguswa. Madaktari waliweza kutibu, lakini hawakuweza kueleza kwa nini kijiji hiki na si kile. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, NIMR na vyuo vikuu vya Ubelgiji, kwa ufadhili wa Kibelgiji, wakawaunganisha wajuzi wa panya, viroboto, udongo, ramani na desturi za watu, na miongoni mwa yaliyojitokeza ni kuwa kiroboto wa binadamu, yule anayeishi ndani ya nyumba na kwenye matandiko, alikuwa mwingi zaidi katika vijiji vilivyoguswa mara kwa mara.

Kwa upande wa malaria, ufadhili wa Denmark uliwezesha kupima tofauti ya mwinuko ambayo watu wa milimani walikwishaijua, na ikaonekana kuwa uambukizaji wa kilele ni chini ya ule wa bondeni kwa zaidi ya mara 1,000. Mwaka 2000 Mfuko wa Bill na Melinda Gates ulikipa Chuo cha Usafi na Tiba ya Tropiki cha London dola milioni 40 za kuimarisha ushirikiano na vituo vya Afrika, na Korogwe ikawa mshirika pamoja na hospitali ya KCMC ya Moshi na Chuo Kikuu cha Copenhagen. Mwaka 2007 Korogwe na Kilifi ya Kenya ziliandikisha watoto 894 wa kujaribiwa chanjo ya malaria ya RTS,S, ambayo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 53. Lakini katika kijiji kimoja cha bondeni wilayani Korogwe, ambako mwaka 2003 waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 78, mwaka 2008 walikuwa asilimia 13 tu, na sehemu ya upungufu huo ilitangulia kusambazwa kwa vyandarua. Jaribio la mwisho la chanjo hiyo lilipoanza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi 7, Korogwe, iliyochaguliwa na kujengewa maabara kwa wingi wa malaria yake, ikawa miongoni mwa vituo vyenye wagonjwa wachache kabisa.