Machweo ya Étretat: Picha ya Monet yajulikana saa yake

MCHORAJI Mfaransa Claude Monet aliwasili Étretat, kijiji cha pwani ya Normandy, mwishoni mwa Januari 1883, akakaa hapo majuma matatu hivi. Miongoni mwa picha zilizotokana na ziara hiyo imo moja ya jua likichwa, ambayo imehifadhiwa katika jumba la sanaa la North Carolina mjini Raleigh, Marekani.

Yaliyomo ni machache: jabali lenye tao lililochongwa na mawimbi, mwamba mrefu uliochongoka ambao wenyeji huuita Sindano, na jua lililosalia kidogo tu juu ya upeo wa bahari. Majabali ya Étretat ni ya chokaa, meupe mchana kutwa. Monet ameyatia giza, na ndivyo yanavyoonekana hasa jua linapokuwa nyuma yake.

Jina la Waimpreshonisti lilianza kama kejeli mwaka 1874, mkosoaji Louis Leroy alipoidhihaki picha nyingine ya Monet, ya mapambazuko katika bandari ya Le Havre. Wachoraji hao walilaumiwa kwamba wanapaka rangi ovyo.

Utetezi mmoja ulitoka pasipotarajiwa. Mwaka 2014, Donald Olson, mtaalamu wa falaki wa Chuo Kikuu cha Texas State, alieleza jinsi yeye na wenzake walivyokwenda Étretat, wakapatafuta ufuoni mahali aliposimama Monet, kisha wakapiga hesabu ya njia ya jua. Wakalinganisha na kujaa na kupwa kwa maji, hali ya hewa na barua za mchoraji mwenyewe. Jibu lao: Februari 5, 1883, saa kumi na dakika 53 jioni.

Hiyo ni saa ya mandhari, si ya kumalizika kwa kazi. Monet alikuwa na mazoea ya kushughulikia picha kadhaa kwa pamoja na kuzikamilisha nyumbani.

Wala jicho hilo kali halikumkinga daima. Novemba 1885, akichora chini ya majabali hayo hayo, alidhani maji yanakupwa, kumbe yanajaa. Wimbi likambwaga kwenye mwamba na kumburura. Alitoka akitambaa kwa mikono na magoti. Picha aliyokuwa akiichora ilichukuliwa na bahari.